Niliwajua kwa Mwendo

Kwenye mteremko wetu wa Nyansiongo hapakuwa na mtu mwenye macho makali kunishinda. Hivyo ndivyo watu walivyosema, nami sikuona sababu ya kuwabishia. Mtu angetokeza ng'ambo ya bonde, pale barabara ya udongo wa murram inapotoka kwenye miti ya miwati, akiwa bado mdogo kama punje ya wimbi, nami ningetaja ni nani. Sikuwahi kukosea. Mara nyingine ningeongeza kwamba amebeba mzigo mzito, au kwamba kuna mtu amemuudhi huko atokako.

Tulikuwa tumehamia huko muda mfupi baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipogawiwa wananchi. Baba, ambaye sisi tulimwita Tata, alipata kipande chake cha skimu, yaani mpango huo wa mashamba, na ng'ombe wawili wa gredi, wale wa maziwa mengi. Nyumba yetu ilikaa juu, kijito kilikuwa chini, na barabara ilipita upande wa pili. Kwa hiyo mgeni wetu yeyote tulimpokea kwa macho kwanza, nusu saa nzima kabla hajapiga hodi.

Aliyenipa kazi ya kutazama barabara ni mama. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa upande wa Nyamache, na mumewe alikuwa na tabia ya kuja bila taarifa. Sasa kwetu Wagusii, mama na mume wa binti yake wana heshima yao, tunaiita chinsoni. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na hawapaswi kukutana ana kwa ana kwenye kijia chembamba. Ingekuwa aibu kubwa mkwe amkute mama amepandisha sketi magotini, mikono imejaa kinyesi cha ng'ombe, anasiriba ukuta. Basi kila kitu kilipoonekana kusogea barabarani, mama aliniita kutoka popote nilipokuwa na kuuliza, "Nani huyo?"

"Mkwe wako," ningemwambia, na kabla kijana wa watu hajavuka kijito, mama alikuwa amenawa, amefunga kitambaa kichwani, na ameketi chumba cha ndani akisubiri kusalimiwa kupitia ukutani. Mkwe huyo alimwambia dada kwa miaka mingi kwamba hajapata kuona mama mwenye utaratibu kama wetu. Hakujua kwamba utaratibu huo wote ulikuwa mimi.

Nilimjuaje? Alirusha mguu wa kushoto pembeni kidogo, kana kwamba kuku anamfuata na yeye anamfukuza. Kila mtu alikuwa na lake. Jirani yetu wa chini alivaa gambuti na kuchechemea tangu ng'ombe alipomkanyaga. Shangazi akiwa na furaha alipunga mikono, na akiwa na hasira mikono ilitulia kabisa, ikabaki miguu tu ikifanya kazi. Siku ya Sabato kanisa zima liliteremka kwenye ukungu, wanawake kwa meupe na wanaume kwa makoti meusi, hata huwezi kutenganisha mtu na mwenzake, lakini mimi niliwataja mmoja mmoja kabla nyimbo hazijaanza kusikika. Kwenye shamba la mahindi Tata alitundika koti kuukuu la kutisha nyani, na wageni wengi walilisalimia. Mimi halikunidanganya hata mara moja. Koti lilicheza na upepo, na upepo hauna magoti.

Tata alijivunia macho yangu kupita kiasi. Alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, lakini asubuhi pale tulipopeleka maziwa, wanaume wakisubiri mitungi ipimwe, alisimulia habari zangu mpaka zikazoeleka. Nilipita njiani nikiwa na daftari kichwani na wazee wakanyoosha vidole: yule ndiye mtoto anayeona mpaka Kericho.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua, na mimi nikiwemo, ni kwamba nilikuwa sioni.

Sisemi kwa mzaha. Uso wa mtu ulianza kuyeyuka akiwa hatua tano kutoka kwangu. Hatua kumi, haukuwapo. Nilidhani ndivyo Mungu alivyopanga, kwamba uso ni kitu cha kuonwa wakati wa kusalimiana, na kwamba mbali ya hapo watu wote hutambuana kwa kutembea. Sikujua kwamba wenzangu, wakisimama chini ya mkaratusi, wanaona jani mojamoja. Utajuaje unachokosa kama hujawahi kuwa nacho?

Shuleni niliwekwa nyuma kabisa, kwa sababu nilikuwa mrefu na warefu walikaa nyuma. Hilo halikunisumbua kwa miaka sita. Mwalimu aliandika ubaoni, nami nilisoma mkono wake. Kiwiko kikipanda na kushuka kwa namna fulani, ni nne. Bega likizunguka mara mbili bila kupumzika, ni nane. Maneno yalikuwa magumu zaidi, lakini walimu wetu walikuwa na mazoea ya kutamka wanachoandika, kwa hiyo sikio lilisaidia mkono. Niliamini darasa zima linasoma hivyo. Kama sivyo, mwalimu angesimama pale mbele akiandika kwa faida ya nani?

Mambo yaliharibika nilipofika darasa la saba. Shule yetu haikuwa na mashine ya kuchapisha mitihani, basi mwalimu mkuu aliandika maswali ubaoni mwenyewe, alfajiri, kwa mwandiko wake mzuri, kabla hatujaingia. Tuliingia tukakuta ubao umejaa na mkono umekwenda zake. Nilichokiona mimi ni ukuta uliopakwa majivu. Nilikaa, nikapiga mstari chini ya jina langu, nikajibu maswali niliyofikiri kwamba huenda yameulizwa. Katika mtihani wa kwanza nilipata alama tisa. Katika wa pili nilipata saba, nadhani kwa huruma.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kulinda sifa ya shule. Alitangaza kwamba atakayeshindwa mtihani wa tatu hataandikishwa kwa mtihani wa serikali wa mwisho wa mwaka. Nilimfuata ofisini nikamwambia sioni ubao. Aliniangalia akacheka, si kwa ubaya, akasema kwamba kama mimi sioni, basi skimu nzima ni vipofu. Kisha akamwandikia baba barua.

Tata aliisoma mara mbili, akaikunja. "Mkwe unamwona akiwa ng'ambo ya bonde," aliniambia kwa lugha yetu, "na ubao ulio ndani ya nyumba moja na wewe huuoni?"

Hata mimi nilipoyasikia maneno hayo yakisemwa kwa sauti, niliona ni uongo. Akasema kwamba nikishindwa tena nitabaki nyumbani na ng'ombe, na kwamba kuna watu wa Nyamache, jamaa za mkwe, walioulizia habari zangu wakimtafutia kijana wao mke. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nililia siku hiyo nikikamua, na kilichokuwa kinaniliza ni hasira kuliko huzuni. Nilijua hesabu. Nilijua zaidi ya wavulana watatu waliokaa mbele wakichokonoa pua. Na sasa ningefungiwa nje kwa kosa ambalo hata mimi mwenyewe sikuweza kulieleza.

Muhula wa pili tuliletewa mwalimu mpya wa hesabu, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, asiyejua Kigusii hata salamu. Kwa hiyo shuleni na njiani, na wazazi wetu pia, aliongea Kiswahili. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Wiki ya kwanza nilimkosa kila siku, kwa sababu kila kitu kilikwenda kinyume na mwili wake ulinikinga. Wiki ya pili nilianza kumpata. Wiki ya tatu nilimsoma vizuri kuliko nilivyowahi kumsoma mwalimu yeyote, kwani alikuwa na mkono mkubwa, mwepesi, usioficha kitu.

Siku moja alikuwa anaandika hesabu ya kugawanya. Aliandika tatu, akaandika moja, na alipofika sita chaki ikamkatikia vidoleni. Mkono, kwa mazoea, ulimaliza sita yake hewani. Wakati huohuo mwalimu mkuu akamwita mlangoni, wakaongea kidogo, na aliporudi alikuwa amesahau. Darasa zima lilinakili thelathini na moja. Mimi nilinakili mia tatu kumi na sita.

Alipokusanya madaftari alisimama kando ya dawati langu kwa muda.

"Hii sita umetoa wapi?"

"Kwa ubao, mwalimu."

"Kwa ubao hakuna sita. Geuka uangalie."

Niligeuka nikaangalia ukuta wa majivu.

"Hii hesabu iko kwa kitabu yangu, na kitabu iko kwa mkoba," alisema. "Umefungua mkoba yangu?"

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilisimama, jambo ambalo msichana hakulifanya bila ruhusa, nikamwambia sijagusa mkoba wake na sihitaji kuugusa, kwa sababu yeye mwenyewe aliandika sita, nimemwona akiiandika, mkono wake umeshuka ukazunguka chini ukafunga. Kama chaki ilikatika, hayo ni mambo ya chaki.

Alitembea mpaka mbele, akatugeuzia mgongo, akainua mkono wa kushoto usio na kitu na kuuchezesha hewani.

"Soma."

"Mia saba ishirini na tano."

Akauchezesha tena, haraka zaidi.

"Elfu moja na arobaini na nane."

Akabadilisha mkono, akaandika kwa wa kulia, kwa shida, kama mtu anayejifunza. Nilisita kidogo. "Hiyo ni tano," nikasema, "lakini umeiandika vibaya."

Darasa liliangua kicheko na yeye akacheka nalo mpaka akaegemea ubao, koti lake likajaa vumbi la chaki. Kisha akaniambia niangalie dirishani. Nilisikia chaki ikigonga. Akaniambia nigeuke nisome. Nilitazama, nikatazama, nikahisi machozi yanakuja.

"Hakuna kitu," nikasema.

Mwalimu alikuwa ameandika tarakimu moja tu, kubwa, kutoka juu ya ubao mpaka chini. Alikuja akachuchumaa karibu na dawati langu, na uso wake ukatokea, na ulikuwa uso wa mtu aliyeshtuka.

"Kumbe wewe huoni," alisema polepole.

"Nimesema hivyo tangu mwaka uanze," nikamjibu.

Mwalimu mkuu aliposimuliwa hakuyumba. Alisema hayo ni mazingaombwe ya mtoto mwerevu, na kama mzazi mwenyewe anashuhudia mtoto anaona, yeye ni nani apinge. Kwa hiyo kila kitu kikaangukia kwa Tata. Na Tata alikuwa ameshajivunia macho yale mbele ya watu kwa miaka mitano.

Nafasi ilipatikana siku ya kazi ya harambee, wazazi walipokuja kujenga darasa jipya. Mwalimu alimwendea baba pale alipokuwa anachanganya saruji, akamweleza. Nilikuwa karibu, nimebeba maji, nikasikia yote.

"Mwalimu, wewe ni mgeni hapa," Tata alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Huyu mtoto macho yake ni namba moja. Uliza mtu yoyote. Yeye anaona mpaka ng'ambo."

"Anaona nini huko, mzee?"

"Anaona watu."

"Anaona watu, ama anaona vile wanatembea?"

Tata hakulielewa swali hilo. Mwalimu akamwomba tu amsaidie kwa dakika tano. Alinisimamisha nikiangalia ukuta, akawachukua Tata na wanaume wengine wanne mpaka kwenye ua wa miti ya miiba ya kayaba, hatua kama ishirini na tano. Aliwaambia wabadilishane makoti na kofia, wasimame wima, wasiseme neno.

"Geuka. Baba yako ni yupi?"

Niligeuka. Mbele yangu palikuwa na nguzo tano. Nilijua kwamba mojawapo ni baba yangu mzazi, mtu niliyekula naye asubuhi ile, na sikuweza kusema ni ipi. Nilitazama mpaka macho yakauma. Mwishowe nikaona rangi ya hudhurungi, rangi ya koti la Tata, nikanyoosha kidole. Mtu mmoja akacheka, kwa sababu niliyemchagua alikuwa jirani yetu wa gambuti. Kisha kicheko kikafa.

"Sasa tembeeni," mwalimu alisema.

Walipiga hatua mbili. Sikuhitaji ya tatu.

"Wa pili kutoka huku," nikasema. "Huyo anayejifanya kuchechemea."

Maana Tata, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, alikuwa ameamua kunidanganya kwa kuiga mguu wa jirani. Pengine alitaka kulipima jambo lenyewe mpaka mwisho, pengine ukaidi ulikuwa bado haujamtoka. Lakini chini ya ule mguu wa kuazima nilimwona yeye, lile bega la kulia linalotangulia, ule uangalifu wa mtu aliyezoea kubeba mtungi wa maziwa usimwagike. Wanaume walishangilia, wakampigapiga mabegani. Nilimjua katikati yao hata walipomzunguka.

Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na nimesoma mambo machache kuhusu ubongo ambayo wakati ule hakuna aliyeweza kuniambia. Ubongo hauhitaji uso kumjua mtu. Hauhitaji hata umbo kamili. Unahitaji viungo vichache vinavyosogea kwa pamoja, bega, kiwiko, goti, kisigino, na papo hapo unakusanya vipande hivyo na kukwambia ni mtu, ni mwanamke, amechoka, ni shangazi yako. Visimamishe, na huna chochote. Watu wenye macho mazima wanao uwezo huo pia, ila hawana haja ya kuuamini. Mimi sikuwa na kingine, basi niliunoa mpaka ukakata.

Tata alinijia mpaka uso wake ukawa uso. Macho yake yalikuwa na maji.

"Nilikuwa nimesimama hapo mbele yako," alisema kwa lugha yetu.

"Ndiyo, Tata."

"Na hukuniona."

"Ulikuwa umesimama."

Alivua koti la watu na kulirudisha kwa mwenyewe. Halafu akaenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa na saruji mikononi, na wote tuliokuwa nje tulimsikia. "Huyu atakaa mbele. Na hiyo mtihani ataandikiwa akiangalia. Kama hapana, mimi naenda nyumbani na hawa wazee, na darasa mtajenga na walimu." Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kulinda sifa ya shule, na darasa lisilo na paa ni sifa mbaya.

Mtihani wa tatu niliketi dawati la kwanza, karibu kugusa ubao kwa pua, na mwalimu wa hesabu aliandika maswali yote upya mbele yangu, polepole, kwa mkono wake wa kushoto. Nilikuwa wa pili katika darasa zima. Aliyenishinda alinizidi kwa alama mbili, jambo ambalo mpaka leo linaniudhi.

Mtihani wa serikali ulifanyiwa shule nyingine, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu. Karatasi zilikuwa zimechapishwa. Nilizileta karibu na uso na maswali yote yakawapo, yametulia, yananingoja. Nilicheka peke yangu, na msimamizi akanikemea. Niliandika siku ile kwa furaha ambayo sijui kama nimeipata tena katika kazi yoyote.

Tulipotoka jioni ya karatasi ya mwisho, wazazi wengi walikuwa wamekuja kutuchukua, wamejipanga nje ya ua. Niliona safu ndefu ya nguzo, nyeusi na kijivu, kimya kwa heshima. Wenzangu walianza kuwakimbilia baba zao. Nilisimama, nikijiandaa kupita mbele ya nguzo hizo moja baada ya nyingine mpaka nimpate wangu.

Ndipo nikaona moja inatembea. Ilikuwa haiendi popote. Ilikuwa imesimama mahali pake katikati ya safu, lakini miguu ilipanda na kushuka, magoti yakiinuka juu, bega la kulia likitangulia, mikono ikipunga. Watu waliokuwa kando yake walikuwa wamesogea kidogo, kama watu wanavyojitenga na mlevi. Wengine walikuwa wanacheka waziwazi.

Nilikimbia moja kwa moja kwake.

"Wanakucheka, Tata."

"Wacha wacheke," alisema, akihema. "Umeniona?"

"Nimekuona."

Nilifaulu, nikaenda shule ya bweni, na muhula wa kwanza haujaisha daktari wa macho mjini Kisii akanipa miwani. Jumapili ya wageni nilimwona Tata kutoka mlangoni mwa bweni, mbali sana. Niliona kofia yake, kitufe kilichokosekana kwenye koti, ndevu alizosahau kunyoa kidevuni, na tabasamu alilodhani bado siwezi kuliona. Alikuwa amesimama getini na kikapu cha ndizi, anapandisha magoti. Sikumwambia aache.